Paka wa marehemu baba anahara miezi, kipimo kinasema ni mzima

Wakuu, salamu kwenu nyote popote mlipo.

Mimi humu ni wa kusoma na kupita. Leo nimejikuta naandika kwa sababu jambo hili limenizunguka kichwani mpaka wateja wameanza kuniuliza kama niko sawa. Yote yametokea nyumbani kwetu, sijatia chumvi. Mama ameniruhusu niandike kwa sharti nisitaje jina lake, kwa hiyo humu ataitwa Mama tu.

Kama uko mezani unakula, weka simu kando umalize kwanza. Uzi huu ni wa choo kuanzia juu hadi chini.

Mimi ni fundi wa friji na AC hapa Malindi. Naishi Barani na Mama. Baba alitangulia mbele ya haki mwaka jana.

Baba aliacha paka anayeitwa Bokoboko. Alipookotwa sokoni alikuwa anaenea kwenye kiganja. Baba akamlisha mpaka akawa mnene, mweupe, laini, ukimbonyeza kidole kinazama, ndio akapewa jina la kile chakula cha ngano na nyama. Ni paka asiye na kazi kabisa. Panya akipita, yeye anageuza shingo upande wa pili.

Baba alipofariki, paka akahamia kwenye mswala wake. Siyo karibu na mswala, juu yake. Mama, ambaye miaka yote alikuwa akimfukuza na ufagio, siku ile alimtazama, akarudi jikoni, akatoka na samaki aliyemtoa miba. Tangu hapo wawili hawa ni kitu kimoja. Anazungumza naye kama mtu mzima.

"Mwenyewe angekuwapo ungeringa hivi weye?" anamwambia. Paka anafumba macho.

Jambo jingine alilolianza Mama baada ya msiba ni maji. Alichukua bakuli la bati la baba, lile lenye maua mekundu alilokuwa akinywea uji wa Ramadhani, akaliweka nje barazani, akalijaza maji. Paka wa mtaani wanywe, ndege wanywe, thawabu zimwendee baba. Kila asubuhi akimaliza kusali anakwenda kuongeza maji, ndio mambo mengine yafuate. Wa huku kwetu mnaijua sadaka hii, sina haja ya kuieleza sana.

Halafu Bokoboko akaanza kuhara.

Mwanzo tulisema ni samaki. Kisha tukasema ni maziwa, tukayakata. Anahara siku kadhaa, anakaa vizuri siku kadhaa, anarudi kuhara. Choo laini, kina utelezi kama kamasi, na harufu yake, wakuu, niliwahi kuisikia mara moja tu maishani: ndani ya friji ya mteja aliyesafiri, umeme ukakatika nyuma yake.

Nikaenda duka la dawa za mifugo, nikapewa dawa ya minyoo. Tukampa. Tukangoja minyoo itoke, haikutoka hata mmoja. Jirani akasema wali mkavu, tukapika wali mkavu. Mwingine akasema ni jicho la mtu. Nikauliza nani atamhusudu paka asiyeshika panya, nikaambiwa nina dharau.

Akakonda. Jina likabaki, mwili ukaondoka.

Najua kuna mtu ataandika hapo chini "paka tu". Andika, sikukatazi. Lakini kwetu sisi huyu alikuwa ndiye kiumbe wa mwisho aliyemsubiri baba mlangoni.

Na kwa Mama balaa haikuwa harufu, ilikuwa twahara, ule usafi wa kusalia. Paka mwenyewe si najisi, lakini choo chake ndicho. Kila akitaka kusali lazima akague mkeka, anuse mswala, aoshe, aanike, atawadhe upya. Alikuwa akiamka alfajiri kusafisha, mimi nikiamka nakuta sakafu imeshakauka. Hakulalamika, ila mgongo ulianza kumuuma.

Ikafika tukaanza kupanga hitma ya mwaka ya baba, kisomo cha kumwombea. Jamaa wa Lamu na Mombasa wangekuja, wakae chini kwenye mikeka sebuleni wasome. Shangazi Zuhura, dada mkubwa wa baba, anayekaa Sabaki kwenye shamba lake, akaja kuzungumza mambo ya pilau. Akaingia. Akaketi kwenye mkeka. Akainuka taratibu, akatazama alipokuwa amekaa.

"Wifi," akasema, "huyu paka yuaharia nyumba ya ndugu yangu?"

Mama akachukua kitambaa akaupangusa mkeka.

"Siku ya kuamkia hitma n'takuja na kikapu. Kama bado yuahara, nampeleka Ngomeni. Kule vichwa vya samaki vyatupwa, hatakosa riziki."

"Haya, wifi," Mama akasema.

Niwaeleze hapa. Shangazi ndiye aliyempokea Mama siku alipoletwa bibi harusi. Tangu siku ile sijawahi kumsikia Mama akimwambia Shangazi "hapana", kwa jambo kubwa wala dogo. Na paka wa Ngomeni nimewaona kwa macho yangu nikienda kutengeneza mashine za barafu. Ni mijibaba yenye masikio yaliyoraruka, inapigania utumbo wa samaki na mbwa. Bokoboko na ule udhaifu wake asingemaliza wiki.

Shangazi alipoondoka, Mama aliingia jikoni akafungua bomba, akaliacha likitiririka bila kuosha kitu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Swaleh mwanangu," akasema, "fanya kitu."

Nikamtafuta daktari wa mifugo. Nilielekezwa kwa Daktari Kadzo, dada wa Kigiriama mwenye kliniki ndogo nje kidogo ya mji, ambaye kazi yake kubwa ni mbuzi na ng'ombe. Akampapasa Bokoboko tumbo, akamtazama ufizi, akaniuliza maswali mengi kuliko niliyowahi kuulizwa na daktari wangu mwenyewe. Mwishoni akasema anashuku vijidudu vya utumboni vinavyoitwa giardia. Si minyoo. Ni vidogo havionekani kwa macho, na ile dawa niliyonunua si ya kazi hiyo.

"Lakini sitaki kubahatisha," akasema. "Nina kipimo cha haraka. Niletee choo cha asubuhi hiyo hiyo, nakupa jibu ukiwa umekaa hapo."

Wakuu, nilifurahi. Kazi yangu mimi ni ya vipimo. Friji haigandishi, naweka geji, geji inaniambia gesi imepungua, natafuta inapovujia, naziba. Geji haina hadithi. Nikasema sasa tumefika kwa watu wa kwetu.

Kipimo chenyewe ni kijikasha cheupe cha plastiki, kama kile cha malaria. Choo kidogo kinakorogwa na maji yake maalumu, matone yanatiwa kwenye kitundu, mnasubiri. Mstari mmoja, kipimo kinafanya kazi na mnyama hana kitu. Mistari miwili, anavyo. Pasipotokea mstari wowote, kipimo chenyewe kimeharibika.

Kwa vile Mama ndiye anayeamka mwanzo, yeye ndiye aliyechukua sampuli. Nikakuta mkebe wa siagi umefungwa vizuri, umezungushiwa mfuko, umewekwa juu ya pikipiki yangu. Nikaupeleka bila kuufungua. Nani angeufungua?

Daktari akaufungua. Akatazama ndani, akanitazama mimi.

"Huyu anahara kweli?"

"Kweli, Daktari."

"Mbona hiki ni choo cha paka mzima kabisa?"

Akapima. Tukasubiri. Mstari mmoja. Negative.

Nikarudi nyumbani na habari njema kwamba Bokoboko hana ugonjwa. Nikamkuta amehara juu ya kiatu changu cha kazi.

Hapo ndipo kuchanganyikiwa kulipoanza. Nikampigia Daktari. Akanieleza kwamba negative moja haitoshi, vijidudu hivi siku nyingine vinatoka kwenye choo na siku nyingine havitoki, kwa hiyo nikusanye cha siku kadhaa nichanganye. Nikaelewa. Lakini kile choo kizuri kilinisumbua. Paka anawezaje kutoa choo kigumu alfajiri kwa ajili ya daktari, halafu mchana anitolee mimi uji? Nilianza kumtazama vibaya. Nilifikiri ananifanyia makusudi.

Mama akakusanya tena. Mkebe mpya, umefungwa vizuri zaidi, safari hii na kitambaa juu.

Daktari akapima. Tukasubiri. Hakuna mstari. Si mmoja, si miwili. Kijikasha cheupe kilitutazama hivyo hivyo.

Akaangalia tarehe ya kuisha muda, iko sawa. Akafungua kijikasha kingine, akarudia kwa utaratibu, mimi nahesabu matone naye. Hakuna mstari.

Mimi nikawaza, geji mbili haziwezi kufa pamoja kwenye friji moja. Tatizo liko kwenye friji.

Daktari Kadzo akauvuta ule mkebe. Akainama. Akanusa. Akanusa tena kwa karibu, jambo ambalo sikutegemea binadamu alifanye kwa hiari.

"Mulungu wangu!" akasema. "Swaleh, huyu paka yuala nini? Mbona choo chake chanukia waridi?"

Nikasogea nikanusa. Wallahi, ilikuwa harufu ya harusi.

Akaniambia nimpigie Mama, nikaweka sauti ya nje.

"Shikamoo, mama," Daktari akasema.

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Mama, samahani, nina swali. Hiki choo cha paka kimetiwa marashi?"



"Kidogo tu, mwanangu. Nilikirashia."

"Kwa nini, mama?"

"Weye ni daktari, mtoto wa watu, una heshima zako. N'takuleteaje kitu chanuka? Si utasema hii ni nyumba gani?"

Daktari akafumba macho. Akavuta pumzi. Akauliza kwa upole, "Na kile cha kwanza, mama? Kile kilikuwa kizuri sana."

"Eee, kile nilikichagua," Mama akasema, na sauti ikachangamka kidogo. "Cha Bokoboko hakikuwa cha kuweka mbele ya mtu. Nikaenda kule nyuma, kwenye mchanga chini ya mpapai, nikatafuta kilicho kizuri."

"Cha paka gani?"

"Sijui, mwanangu. Paka ni wengi. Lakini kilikuwa kizuri."

Daktari alifunika mdomo kwa mkono wenye glavu, akakumbuka ni ile glavu, akakimbilia sinki. Mimi nilishindwa nicheke au nilie. Ina maana kuna paka mmoja hapo Barani, hajijui, hana habari, na amepimwa kwa hela yetu akaonekana mzima.

Naomba msimcheke sana Mama. Alikulia katika nyumba ambayo mgeni hapewi kikombe chenye ufa. Kwake yeye kumpelekea mtu uchafu ni kumtusi, na sikuwa nimemweleza kwamba uchafu ndio unaotakiwa. Daktari alisema hawezi kuapa kwamba ni marashi yaliyoua kipimo. Anachojua ni kwamba kipimo kinataka choo peke yake, bila mgeni.

Safari ya tatu alikuja mwenyewe nyumbani asubuhi, akielekea Sabaki kutazama mbuzi wa mtu. Mama alimwekea mahamri na mbaazi. Bokoboko hakutuweka sana, alikwenda chini ya meza akafanya mbele yetu sote. Mama alijifunika uso na mtandio kwa haya.

Mistari miwili, wakuu. Mizito, haina ubishi.

"Ndio nini?" Mama akauliza.

"Anavyo, mama. Ni giardia."

"Alhamdulillahi," Mama akasema.

Daktari akanitazama. Nikamwambia aache tu. Mtu aliyekaa miezi na kitu kisicho na jina, akipewa jina anashukuru.

Tukaanza dawa. Ni chungu. Paka akiionja anatoa povu mdomoni kama sabuni ya unga, mara ya kwanza tulidhani tumemuua. Mimi nilikuwa nikimviringisha kwenye taulo, Mama anamtilia kwa bomba la sindano huku akimsomea bismillahi. Mikono yangu bado ina mikwaruzo. Daktari alituagiza tumuoshe nyuma kila mara, tuchemshe matandiko, tuanike mkeka juani, tuoshe vyombo vyake kwa maji ya moto, na sisi wenyewe tunawe mikono sawasawa. Mama akamwekea hadi maji ya kunywa yaliyochemshwa, katika kikombe chake jikoni.

Baada ya siku chache nikiwa kazini simu ikalia.

"Swaleh, ukirudi njoo uone! Kigumu!"

Nilirudi nikaonyeshwa. Nikapongeza. Sijui kama mnaelewa furaha ya nyumba iliyokaa muda wote huo ikitazama sakafu. Bokoboko alipanda kwenye mswala, akajilamba, akalala. Mama akaimba jikoni kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Hitma ikiwa karibu, nimeshamwagiza mtu mchele, Bokoboko akahara tena.

Hapa nilikata tamaa. Niliona hasira, kusema kweli. Tulifanya kila kitu. Kipimo kimesema, dawa imeingia, vyombo vimechemshwa. Nikampigia Daktari nikataka apime tena.

"Usimpime saa hizi," akaniambia. "Baada ya dawa, kipimo chaweza kuendelea kuonyesha mstari hata kama vimekwisha. Kitakuchanganya zaidi. Jiulize anavipata wapi upya. Yuanywa wapi maji?"

"Jikoni. Mama anamchemshia."

"Hapo tu?"

Nikasema hapo tu.

Kesho yake sikwenda kazini mapema. Nilichukua chai yangu nikakaa barazani, natafuta inapovujia. Nikaona kunguru akatua ukingoni mwa bakuli la baba, akanywa, akachafua. Nikaona paka wa kijivu, mwembamba, manyoya ya nyuma yamegandamana kwa uchafu, akaja akanywa, akatia na mguu ndani. Kisha mlango ukasukumwa, akatoka Bokoboko wetu. Alikuwa amekiacha kikombe chake cha maji yaliyochemshwa kule jikoni, akaja mpaka kwenye bakuli la baba, akainama akanywa kwa raha zake zote.

Mama akatokea na jagi. Akaongeza maji.

"Mama," nikamwuliza, "haya maji huwa wayamwaga lini?"

Akanishangaa.

"Kumwaga? Sadaka ya babako nimwage? Naongeza tu, tangu siku ile."

Nikainama nikatazama chini ya bakuli. Maua mekundu hayakuonekana. Kulikuwa na utando wa kijani, na chini ya utando kitu kama matope. Chini kabisa mule bado mlikuwa na maji ya siku ya kwanza.

Nikampelekea Daktari picha. Akasema hawezi kupima bakuli, lakini kama ni yeye angeanzia hapo: maji yamwagwe kila asubuhi, bakuli lisuguliwe, limwagiwe maji yanayochemka, likauke juani ndio lijazwe.

Maneno mepesi hayo. Mwambie sasa mjane kwamba thawabu anazomtumia mumewe ndizo zinazomuua paka wa mumewe. Mimi sikuweza. Nilizunguka nalo kutwa. Nikawaza nilimwage kwa siri, nikaona atajua. Nikawaza ninyamaze, paka aende Ngomeni, Mama abaki na bakuli lake. Nikawaza akifa kule, Mama atabaki na bakuli peke yake. Kila nilikogeuka palikuwa na ukuta.

Siku ya kuamkia hitma Shangazi Zuhura akafika, na kikapu cha ukili chenye kifuniko. Hakuuliza, alisikia harufu. Mama hakubisha. Alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi hata nazi haipo, anamfungia Bokoboko samaki wa safari kwenye karatasi. Paka mwenyewe alikuwa amelala miguuni pake.

Nikasema basi, na liwe liwalo.

"Mama. Shangazi. Ni yale maji ya nje."

Nikaeleza yote. Paka wa kijivu, kunguru, utando, alivyosema Daktari. Nilieleza vibaya, narudia rudia, kama mtu anayejitetea polisi. Mama aliweka samaki chini.

"Kwa hivyo mwaka mzima," akasema polepole, "namtumia babako ugonjwa?"

Nikasema, "La, Mama." Wakuu, mimi natengeneza friji. Niliumia sana nikiwa nimesimama pale na sikujua pa kuweka mikono.

Shangazi akatoka nje. Akarudi amelishika lile bakuli kwa mikono miwili. Akatazama ndani, akalinusa.

"Wifi," akasema, "weye umeishi na ndugu yangu umri mzima. Ulimwona lini akinywa maji yaliyolala?"

Mama akainua uso.

"Si kila asubuhi akimwaga ya mtungini? Hata mtungi uwe nusu? Hata bomba likiwa limekatika mji mzima?"

"Akimwagia mwasumini wake pale mlangoni," Mama akasema. "Nikigombana naye. Nikimwambia, bwana weye, maji ya watu wayamwaga na sisi hatuna."

"Naye akikwambia nini?"

"Akinicheka. Akisema yamelala, nipe mapya."

"Basi," Shangazi akasema. "Sadaka yako imefika, usiwe na shaka nayo. Lakini haya, angekuwa hai, angeyamwaga yeye mwenyewe."

Akatoka hadi kwenye ule mwasumini wa baba mlangoni, akayamwaga pale pale. Mama alikuwa amesimama nyuma yake, mkono mdomoni, analia na kucheka pamoja. Sijawahi kumwona hivyo, si siku ya mazishi, si baadaye.

"Swaleh, teleka maji," Shangazi akaniamuru. "Yachemke hasa."

Aliliosha bakuli yeye, kwa majivu, mpaka maua yakarudi mekundu.

Kuhusu kikapu: Shangazi alisema hakukibeba kutoka Sabaki ili kikae bure. Akamvizia yule paka wa kijivu pale barazani, akamtia ndani, akafunga kifuniko, akanikabidhi nimpeleke kwa Daktari Kadzo. Akasema gharama ya huyu ni sadaka ya ndugu yake, aandikiwe yeye. Kijivu alipimwa. Mistari miwili. Choo chake kilipelekwa kama kilivyo.

Hitma ilisomwa. Bokoboko alifungiwa chumbani kwangu, akalia mlangoni mpaka wakati wa dua, ndipo Mama akamfungulia. Akakatiza katikati ya wageni, akaenda moja kwa moja kwenye mswala uliokunjwa pembeni, akaketi juu yake. Nilishika pumzi mpaka "amin" ya mwisho. Hakufanya kitu.

Amerudia dawa, na bakuli la nje linaoshwa kila asubuhi. Sasa choo ni kigumu, mwili unarudi, panya wanapita kwa amani kama zamani.

Nilichojifunza ni hiki: mpelekee daktari kitu kama kilivyo, kikinuka kinuke. Ukikipamba, unampa daktari paka asiyekuwapo amtibu. Na ukiwa na kipimo, usiache kutazama anakokunywa mgonjwa.

Lakini bado nimechanganyikiwa na jambo moja, ndilo lililonileta. Juzi nilimng'ang'ania Daktari mpaka akampima tena. Ule mstari wa pili upo, hafifu, ukiinamisha kichwa unauona, ukikiinua hauuoni. Yeye anasema niachane nao, nimtazame paka. Mimi mtu wa geji nalala nauwaza. Wenye paka waliowahi kupitia hili, nyinyi mliamini mstari au mlimwamini paka? Nisaidieni, hata wewe wa "paka tu" una nafasi.

Naandika haya asubuhi, chai bado ya moto. Mama ametoka nje muda huu. Nimesikia maji yakimwagwa kwenye mwasumini, nikasikia birika, kisha jagi. Kila siku akimaliza kujaza husema maneno yale yale, kwa sauti ndogo, na hasemi na paka.

"Haya, bwana. Mapya hayo."